Yai huzeeka pamoja na mama: funzo kutoka kwa farasi na faru weupe wa kaskazini

Tarehe 22 Agosti 2019, katika hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta nchini Kenya, madaktari wa wanyama waliwalaza kwa dawa ya usingizi faru wawili, mama na binti yake, kisha wakatoa mayai 10 ya uzazi kutoka katika ovari zao. Matano yalikuwa ya mama, Najin, aliyekuwa na umri wa miaka 30. Matano mengine yalikuwa ya binti, Fatu, aliyekuwa na miaka 19. Mayai yote yalisafirishwa kwa ndege hadi maabara moja nchini Italia, yakatunzwa kwa namna moja na kushughulikiwa na wataalamu wale wale. Mwezi uliofuata matokeo yalitangazwa: viinitete viwili vilikuwa vimepatikana, na vyote viwili vilitokana na mayai ya binti. Yai moja la mama lilianza kugawanyika, likaishia njiani.

Najin na Fatu ndio faru weupe wa kaskazini pekee waliobaki duniani. Swali la kwa nini yai la mama lilishindwa pale ambapo yai la binti lilifaulu si swali la maabara tu, kwa kuwa hatima ya jamii nzima ya wanyama imefungwa ndani yake. Na majibu ambayo wanasayansi wanayo leo yalianza kupatikana miongo kadhaa iliyopita kwa mnyama mwingine aliye jamaa wa faru: farasi.

Wanyama wa ukingo wa Nile

Kwa wakazi wa Juba, habari hii ina mizizi ya karibu. Faru mweupe wa kaskazini alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1908 na mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, Richard Lydekker, kutokana na mnyama aliyepatikana katika eneo la Lado. Mji wa kale wa Lado ulikuwa ukingoni mwa Nile Nyeupe, kaskazini ya mahali ulipo mji wa Juba leo. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Sehemu ya pili ya jina hilo, *cottoni*, inamkumbuka mwindaji Mwingereza, Powell-Cotton, aliyempeleka mnyama huyo Ulaya.

Makazi ya faru hao yalienea magharibi ya Nile: Sudan Kusini ya leo, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kaskazini-mashariki mwa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na kusini mwa Chad. Mwaka 1960 walikadiriwa kuwa wapatao 2,000. Vita, silaha nyingi mikononi mwa watu na biashara ya pembe viliwafyeka. Kufikia mwaka 1984 walibaki 15 tu porini, wote katika Hifadhi ya Garamba nchini Kongo, inayopakana na Sudan Kusini. Idadi yao iliongezeka kidogo baadaye, kisha ujangili ukawamaliza katika muongo wa kwanza wa karne hii.

Waliosalimika ni wale waliokuwa wamechukuliwa mapema. Mwezi Februari 1975, wakamataji wa wanyama waliwanasa faru kadhaa huko Shambe, kandokando ya Nile, na kuwapeleka katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, nchi iliyokuwa ikiitwa Czechoslovakia. Miongoni mwao alikuwamo dume mdogo wa takriban miaka miwili, aliyepewa jina la Sudan, na dume mwingine aliyeitwa Saut. Sudan ndiye baba wa Najin, aliyezaliwa mwaka 1989. Saut ndiye baba wa Fatu, aliyezaliwa mwaka 2000. Kwa hiyo faru wawili wa mwisho, ingawa walizaliwa Ulaya, ni wajukuu na watoto wa Shambe.

Mwezi Desemba 2009, Sudan, Najin, Fatu na dume mwingine, Suni, walihamishiwa Ol Pejeta kwa matumaini kwamba hali ya hewa ya Afrika na uwanda mpana vingewarejeshea hamu ya kuzaa. Hakuna mtoto aliyezaliwa. Suni alikufa mwaka 2014, na Sudan akafuata tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45. Walibaki majike wawili, na mbegu za madume waliokufa zilizokuwa zimegandishwa.

Umri wa yai

Ili kuelewa kilichotokea Italia, ni lazima kwanza kuelewa tofauti kubwa kati ya mbegu ya kiume na yai la kike. Dume hutengeneza mbegu mpya karibu maisha yake yote. Mbegu anayoitoa leo ilianza kutengenezwa wiki chache zilizopita. Jike, kinyume chake, huzaliwa akiwa na akiba yake ya mayai. Ndivyo ilivyo kwa farasi, faru, ng'ombe na binadamu. Mtoto wa kike wa binadamu, kwa mfano, huzaliwa na mayai yanayokadiriwa kufikia milioni 1 au 2, na akiba hiyo hupungua mwaka hadi mwaka.

Maana yake ni kwamba yai linalopevuka katika ovari ya farasi mwenye miaka 20 ni yai lililosubiri miaka 20. Muda wote huo lilikuwa limelala, limesimama katikati ya mgawanyiko wa seli ulioanza kabla mama mwenyewe hajazaliwa. Huamshwa siku chache kabla ya kutoka, na hapo hutakiwa kumaliza kazi ile ngumu iliyosimamishwa zamani. Kwa hiyo mtu anapouliza umri wa yai, jibu ni moja: ni umri wa mama.

Farasi jike huweza kuishi miaka 25 hadi 30. Uwezo wake wa kushika mimba huwa mzuri katika miaka ya ujana, huanza kushuka anapokaribia miaka 15, na huporomoka baada ya miaka 20. Anayefuga farasi wa mbio au wa mashindano huliona jambo hili kama hasara kubwa, kwa sababu thamani ya farasi jike hujulikana akiwa ameshatumia miaka yake ya ujana uwanjani. Anapostaafu mashindano na kupelekwa kuzaa, saa yake ya uzazi imekwisha kwenda mbali.

Je, tatizo ni yai au ni tumbo?

Kwa muda mrefu wafugaji na madaktari wa mifugo waliamini kwamba kosa liko katika mji wa mimba. Imani hiyo haikuwa bila msingi. Kuta za mji wa mimba wa farasi mzee hujaa makovu, mishipa yake ya damu hudhoofika, majimaji hutuama ndani yake na maambukizo hurudi mara kwa mara. Mimba inayohitaji kulelewa takriban miezi 11 haiwezi kustawi katika mazingira hayo.

Hata hivyo, kulikuwa na dalili kwamba hiyo si habari yote. Katika miaka ya 1980, watafiti nchini Marekani walichukua viinitete vichanga kutoka katika mirija ya uzazi ya farasi wazee waliokuwa wagumu kushika mimba, kabla havijafika katika mji wa mimba, na kuvipandikiza kwa farasi vijana wenye afya. Kama kosa lingekuwa la mji wa mimba wa mama peke yake, viinitete hivyo vingestawi katika tumbo jipya. Vingi vilikufa. Kasoro ilikuwa imetangulia.

Jaribio lililofuata lilirudi nyuma hatua moja zaidi, hadi kwenye yai lenyewe. Mwaka 1995, Elaine Carnevale na O. J. Ginther wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walieleza jinsi walivyochukua mayai kutoka kwa farasi vijana wa miaka 6 hadi 10 na farasi wazee wa miaka 20 hadi 26, wakayaweka yote katika miili ya farasi vijana. Mazingira yakawa sawa. Kati ya mayai 12 ya farasi vijana, 11 yalikuwa viinitete vinavyoonekana kwa kipimo siku chache baadaye. Kati ya mayai 26 ya farasi wazee, yaliyofika hapo yalikuwa 8 tu.

Tumbo la kijana halikuweza kulifanya yai la mzee kuwa changa. Huo ndio msingi wa elimu yote iliyofuata.

Kinachoharibika ndani

Tangu hapo watafiti wamekuwa wakichunguza ni kitu gani hasa hudhoofika ndani ya yai linalosubiri miaka mingi. Mambo mawili yamejitokeza wazi.

La kwanza ni mgawanyo wa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wa mnyama. Farasi ana kromosomu 64, na yai lililo tayari linapaswa kubaki na nusu yake, 32, ili nusu nyingine itoke kwa baba. Kromosomu hizo hushikanishwa jozi kwa jozi na protini zilizowekwa tangu yai lilipoumbwa, protini ambazo hazifanywi upya kwa urahisi. Miaka inapopita, vifungo hivyo hulegea. Yai linapoamka na kuanza kugawa, jozi nyingine huachana kabla ya wakati na nyingine hukataa kuachana. Kiinitete kinachotokana na hesabu hiyo iliyokosewa kwa kawaida hufa katika siku au wiki za mwanzo, mara nyingi kabla mfugaji hajajua kwamba mimba ilikuwapo.

La pili ni nguvu. Ndani ya kila yai kuna mitokondria, viungo vidogo vinavyozalisha nishati ya seli. Kiinitete katika siku zake za mwanzo hakina akiba nyingine ila ile aliyoiacha mama ndani ya yai. Mayai ya farasi wenye umri mkubwa yameonekana kuwa na mitokondria iliyopungua au kuharibika hasa yanapopevushwa maabara. Yai la namna hiyo linaweza kurutubishwa, likaanza kugawanyika mara moja au mbili, kisha likaishiwa nguvu. Anayesoma habari ya yai la Najin lililoanza safari na kuishia njiani atatambua sura hiyo.

Biolojia hii haiwahusu wanyama peke yao. Kwa wanawake pia, uwezekano wa kushika mimba hupungua zaidi baada ya umri wa takriban miaka 35, na mimba nyingi zinazotoka mapema husababishwa na kasoro ya kromosomu, wala si kosa la alichokula au alichofanya mama. Umri wa baba nao una athari zake, ingawa kwa njia tofauti. Katika jamii ambazo mwanamke hubebeshwa lawama zote za ugumba, ni vema jambo hili lijulikane.

Maabara ya farasi yawapokea faru

Farasi na faru ni ndugu. Pamoja na mnyama aitwaye tapiri, wamo katika kundi moja la wanyama wenye kwato ambao uzito wao hubebwa na kidole cha kati cha mguu. Undugu huo ndio uliowafanya wanasayansi wabishe hodi kwenye mlango wa wataalamu wa farasi.

Maabara ya Avantea, katika mji wa Cremona nchini Italia, inaongozwa na Cesare Galli, ambaye mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waliomzalisha Prometea, farasi wa kwanza duniani kunakiliwa kutokana na seli ya mwili. Maabara hiyo ilibobea katika mbinu ambayo kwa farasi imekuwa ya lazima. Kwa ng'ombe, yai na mbegu zikiwekwa pamoja katika kisahani cha maabara, urutubishaji hutokea bila shida kubwa. Kwa farasi, kwa muda mrefu mbegu zilishindwa kulipenya yai katika kisahani. Suluhisho lilikuwa kuchukua mbegu moja tu kwa sindano nyembamba sana na kuidunga ndani ya yai. Njia hiyo ina faida nyingine kubwa: hata mbegu dhaifu, iliyogandishwa miaka mingi, inaweza kutumika.

Mpango wa kuokoa faru weupe wa kaskazini, uitwao BioRescue, unaongozwa na Taasisi ya Leibniz ya Utafiti wa Wanyamapori iliyoko Berlin chini ya Thomas Hildebrandt, ukishirikiana na Ol Pejeta, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, hifadhi ya Dvůr Králové na maabara ya Avantea. Kila zoezi la kutoa mayai humtaka faru alazwe kwa dawa ya usingizi, kisha sindano ndefu ipitishwe katika ukuta wa utumbo mkubwa hadi kwenye ovari, ikiongozwa na picha za mawimbi ya sauti. Karibu na hapo ipo mishipa mikubwa ya damu, na kosa dogo linaweza kumuua mnyama.

Kustaafu kwa Najin

Kufikia mwezi Oktoba 2021, viinitete 12 vilikuwa vimepatikana. Vyote 12 vilikuwa vya Fatu. Mwezi huo BioRescue ilitangaza kwamba Najin hatatolewa mayai tena. Vipimo vilionyesha uvimbe mdogo mdogo usio wa saratani katika mlango na mfuko wake wa uzazi, na uvimbe wenye majimaji wenye upana wa sentimita 25 katika ovari yake ya kushoto. Kwa mnyama mwenye miaka 32, hatari ya kumlaza kwa dawa ilikuwa imeanza kuzidi faida iliyotarajiwa.

Hapa faru anatoa somo lake mwenyewe. Watafiti wa Berlin wameeleza kwamba faru jike asiyezaa kwa miaka mingi huzeeka kiuzazi mapema kuliko mwenzake anayezaa. Porini, jike huwa ama na mimba, inayochukua takriban miezi 16, ama na mtoto anayenyonya, hivyo huingia katika joto mara chache maishani. Akikaa kizuizini bila dume anayefaa, hupita mizunguko mingi mfululizo, na homoni za kila mzunguko hujenga uvimbe katika viungo vya uzazi. Fatu mwenyewe, ingawa mayai yake ni mazuri, ana mfuko wa uzazi ulioharibika na hawezi kubeba mimba. Najin naye ana miguu ya nyuma dhaifu isiyoweza kuhimili uzito wa mimba.

Kwa hiyo miaka iliyopita bila uzazi haikuwa miaka ya kusubiri tu. Kila mwaka ulikuwa ukichukua kitu: idadi ya mayai, ubora wake, na mahali pa kuyalea. Wahenga walionya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa Najin, hakukuwa na mwana wa pili wa kumkuta.

Kusimamisha saa

Njia ya kwanza ya kukabiliana na umri ni kuusimamisha. Kiinitete kinachohifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hakizeeki. Kinabaki na umri aliokuwa nao Fatu siku yai lilipotolewa. Hadi sasa zaidi ya viinitete 30 vya faru weupe wa kaskazini vimehifadhiwa hivyo. Vinahitaji tumbo la kuazima, na hapo jamaa zao wa karibu, faru weupe wa kusini, wanaingia kama mama wa kubeba mimba, kama vile farasi kijana anavyobeba mtoto wa bingwa aliyezeeka.

Uthibitisho kwamba jambo hilo linawezekana ulipatikana mwaka 2023. Tarehe 24 Septemba mwaka huo, kiinitete cha faru mweupe wa kusini kilipandikizwa kwa jike aitwaye Curra huko Ol Pejeta. Mimba ilishika. Lakini mwezi Novemba, baada ya mvua kubwa kufukua vimelea vya bakteria ardhini, Curra alikufa kwa maambukizo. Uchunguzi ulionyesha kijusi cha kiume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4, kilichokuwa kikikua vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mimba ya faru kupatikana kwa kupandikiza kiinitete. Tangu hapo juhudi zimeelekezwa kwenye viinitete vya kaskazini vyenyewe.

Njia ya pili ni kutengeneza yai jipya kabisa. Mwezi Desemba 2022, kundi lililomhusisha Katsuhiko Hayashi wa Chuo Kikuu cha Osaka nchini Japani lilieleza kwamba limechukua seli za Nabire, faru jike aliyekufa Dvůr Králové mwaka 2015, likazirudisha katika hali ya seli shina, kisha likazielekeza kuwa seli zinazofanana na zile ambazo mayai hutokana nazo. Safari kutoka hapo hadi yai kamili bado ni ndefu. Ikifika mwisho, yai hilo halitakuwa limesubiri miongo katika ovari ya mama. Kwa mara ya kwanza, umri wa yai na umri wa mama vitakuwa vitu viwili tofauti.

Lakini kuna saa moja ambayo maabara haiwezi kuisimamisha. Mtoto wa faru hujifunza kwa wakubwa wake mahali pa kulala, majani ya kula na namna ya kuishi na wenzake. Faru mweupe wa kaskazini atakayezaliwa na mama wa kuazima atahitaji kuwaona Najin na Fatu wakiwa hai ili ajifunze kuwa mmoja wao. Ndiyo maana kazi hii inafanywa kwa haraka. Mayai ya Najin hayakuweza kumpa mjukuu wa Shambe, lakini muda wote anaoishi bado anayo kazi moja ya mama ambayo hakuna mwingine, isipokuwa binti yake, anayeweza kuifanya.